Viti Tisa vya Arusha, Maswali ya Lunga Lunga

Tarehe 17 Novemba 2022 wabunge na maseneta wa Kenya walichagua watu tisa wa kuiwakilisha nchi katika Bunge la Afrika Mashariki, ambalo wengi tunaliita EALA. Muungano wa Kenya Kwanza ulipata viti vitano, Azimio vinne. Majina yakatangazwa, pongezi zikamiminika, na mwezi uliofuata wateule wakaapishwa Arusha. Huku Kwale habari ikaishia hapo.

Haikupaswa kuishia hapo. Kaunti hii inapakana na Tanzania kwa nchi kavu na kwa bahari. Lunga Lunga na Horohoro ni kituo kimoja chenye bendera mbili. Mdigo wa Vanga ana shangazi Mkinga, Mvumba wa Jimbo ana shamba upande wa pili, na mvuvi wa Kojani akija dago hufikia Shimoni na kukaa msimu mzima. Kama kuna Wakenya ambao bunge la Arusha linawagusa kila siku ya Mungu, ni hawa. Nao ndio wasioulizwa chochote wakati wa kulichagua, wala hawapewi hesabu baadaye.

Muhula wa bunge la sasa, ambalo ni la tano, unaisha Desemba 2027. Uchaguzi mkuu wetu ni Agosti mwaka huo huo. Bunge jipya la Kenya likishaapa tu, moja ya kazi zake za mwanzo itakuwa kuchagua tisa wengine. Msimamo wetu ni huu: safari hii Kwale isiombe kiti, iombe majibu. Na ianze kuyadai sasa, kabla vyama havijagawana nafasi.

Tuangalie viti hivyo vimekuwa vikiendaje. Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, kinasema bunge la kila nchi litachagua watu tisa ambao si wabunge wake. Tisa hao wawakilishe, kadiri iwezekanavyo, vyama vilivyomo bungeni, maoni mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Maneno mazuri. Sasa tazama orodha ya Kenya ya 2022. Yumo Winnie Odinga, binti wa Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa Azimio wakati huo. Yumo Kennedy Musyoka, mwana wa kiongozi wa Wiper. Yumo Kanini Kega, aliyekuwa ametoka kuangushwa Kieni miezi mitatu kabla. Yumo Hassan Omar, aliyekuwa ameshindwa ugavana wa Mombasa, na yumo Suleiman Shahbal, aliyempisha mwenzake katika kinyang'anyiro hicho hicho. Miaka mitano nyuma, Desemba 2017, alikuwemo Oburu Oginga, kakake Raila.

Hatusemi kwamba mtoto wa mkubwa hawezi kazi, wala kwamba aliyeshindwa uchaguzi amekwisha. Baadhi yao ni wanasiasa hodari na sheria haiwazuii. Tunasema kwamba ukiitazama orodha hiyo huoni swali gani la kikanda lililoulizwa hata jibu likawa watu hawa. Unaona madeni ya kisiasa yakilipwa. Arusha imegeuzwa mahali pa kumfuta mtu machozi baada ya kura za Agosti.

Na vyama vyetu vilishawahi kwenda mbali zaidi ya hapo. Mwaka 2006 Kenya haikufanya uchaguzi wowote wa maana. Vyama vilipeleka majina, kamati ya shughuli za bunge ikayaidhinisha, orodha ikatumwa Arusha. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 27 Novemba 2006, siku chache tu kabla ya kuapishwa, mahakama ikazuia wale tisa wasiapishwe. Hukumu ilitoka tarehe 30 Machi 2007: Bunge la Kenya halikuchagua mtu, na kanuni lilizozitumia zinakiuka Mkataba. Kenya ikalazimika kuandika kanuni upya na kupiga kura upya. Marais nao walikasirika kiasi cha kuubadilisha Mkataba haraka haraka ili kuigusa mahakama yenyewe.

Funzo la kesi ile halijazeeka. Uchaguzi si kupitisha orodha. Kanuni mpya zimetupatia sanduku la kura na karatasi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini karatasi yenye majina ambayo hakuna aliyeyahoji ni hatua fupi tu kutoka pale tulipokuwa 2006.

Wapo watakaosema tunapoteza wino, kwamba EALA ni bunge lisilo na meno. Ni kweli kwa sehemu. Mswada wake lazima ukubaliwe na wakuu wa nchi wote. Mmoja akishikilia kuukataa, umekufa. Pesa zake hutegemea michango ya serikali zinazochelewa kulipa, na vikao vyake vimewahi kuahirishwa kwa ukata. Lakini nenda Lunga Lunga ukamuulize ofisa wa forodha anatumia sheria gani kumtoza mtu ushuru. Si sheria ya Nairobi. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004, iliyopitishwa na bunge hilo hilo. Lori likipimwa uzito, kikomo cha tani 56 kimetoka katika sheria ya Jumuiya ya 2013. Hata ule utaratibu wa maofisa wa nchi mbili kufanya kazi chini ya paa moja pale mpakani una sheria yake ya Arusha. Na Mkataba unasema sheria za Jumuiya, katika mambo yanayoihusu, ziko juu ya sheria za nchi. Bunge linaloandika sheria za namna hiyo si la kupuuzwa na watu wanaoishi chini ya sheria hizo.

Mchukue mama mmoja wa Lunga Lunga anayeuza machungwa ya Muheza. Anavuka asubuhi, ananunua magunia kadhaa, anarudi nayo. Kwa mujibu wa utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya, mzigo usiozidi dola 2,000 uliozalishwa ndani ya nchi wanachama hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili, na cheti hicho hujazwa pale pale mpakani. Huo ndio upande wa karatasi. Upande wa dirishani kuna afya ya mimea, kuna viwango, kuna ada za huku na kule, na kuna fomu za Kiingereza. Kuna pia kijana anayejitolea kumsaidia kwa malipo. Mama anapiga hesabu: siku nzima kituoni, machungwa yanapigwa jua. Bodaboda wa njia ya panya anataka shilingi mia chache na atamfikisha sokoni kabla ya adhuhuri. Anachagua bodaboda. Tangu hapo yeye si mfanyabiashara wa Afrika Mashariki tena, ni mtu wa magendo, na yeyote mwenye sare anaweza kumsimamisha.

Mama huyo hahitaji hotuba kuhusu utangamano. Anahitaji mtu wa kusimama Arusha na kumuuliza waziri wa Jumuiya: kwa nini maelezo ya cheti hicho hayajabandikwa kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, pamoja na orodha ya bidhaa na ada zake? Mkataba wenyewe, kifungu cha 137, uliagiza Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Horohoro na Lunga Lunga ndicho watu wanachokizungumza.

Swali la pili ni la kuvuka. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuwaruhusu raia wao wavuke mipaka kwa kitambulisho tu. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kwa hiyo mtu wa Busia anaingia Uganda na kitambulisho chake mfukoni, lakini mtu wa Lunga Lunga anayekwenda kumzika mjomba wake Duga anatakiwa awe na pasipoti au hati ya muda. Msiba hausubiri hati. Wengi wanajipitia porini kama walivyopita babu zao, kabla Waingereza na Wajerumani hawajaanzia mstari wao mdomoni mwa mto Umba mwaka 1886. Tunajua Tanzania ina sababu zake, na ni haki yake kuzitoa. Lakini ni nani kati ya tisa wetu aliyewahi kuzidai hadharani, kwa niaba ya watu wa mpaka huu?

Swali la tatu liko baharini, na ndilo zito. Kila baada ya muda tunasikia wavuvi wa Vanga au Jimbo wamekamatwa upande wa pili, vyombo na nyavu vikazuiliwa, familia zikachangishana faini. Wachache wanajua kwamba Kenya na Tanzania zilipokubaliana mpaka wa baharini, kwa barua walizobadilishana Desemba 1975 na Julai 1976, ziliwakumbuka watu hawa. Zilisema wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa kujikimu waruhusiwe kuvua hadi maili 12 za baharini kila upande wa mstari, kwa kufuata kanuni zilizopo. Zikasema pia leseni za nchi moja zitambuliwe na nyingine katika eneo hilo.

Karibu nusu karne imepita. Je, askari wa doria wa Tanga wanaambiwa habari za makubaliano hayo? Wetu wa Shimoni je? Kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) cha Vanga kina nakala? Mkataba mwingine wa mpaka wa bahari ulitiwa saini 2009. Uliyaacha vipi yale ya wavuvi? Haya ni maswali ya mbunge wa kikanda hasa. Hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu aliyesoma faili na aliyefika dikoni akasikiliza.

Hapa jirani zetu wana la kutufundisha. Bunge la Tanzania huchagua wajumbe wake wa EALA kwa makundi: wanawake, Zanzibar, vyama vya upinzani na Tanzania Bara. Mgombea husimama mbele ya Bunge zima, anaomba kura, kisha anaulizwa maswali papo hapo, watu wakitazama. Utaratibu huo una kasoro zake. Wagombea hutakiwa kujieleza kwa Kiingereza, na wengine wamechekwa nchi nzima kwa kujikwaa ulimi badala ya kupimwa kwa fikra. Na mwaka 2017 wingi wa chama tawala ulitosha kuwakataa wagombea wawili wa Chadema, Ezekia Wenje na Lawrence Masha. Hata hivyo mvuvi wa Pemba anajua jambo moja ambalo mwenzake wa Vanga halijui: katika lile jumba la Arusha, nchi yake imetenga nafasi kwa watu wa visiwani.

Je, nasi tudai nafasi ya Pwani? Wapo wanaotaka hivyo, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2017 orodha ya tisa haikuwa na mtu wa Pwani hata mmoja. Mwaka 2022 walikuwemo wawili, wote wanasiasa wa Mombasa. Bunge la pili, lile la 2007 hadi 2012, lilikuwa na mwana wa Pwani, Safina Kwekwe Tsungu. Kwa hiyo hatukufungiwa mlango kabisa. Lakini kiti peke yake hakitoshi. Vyama vikiachiwa viamue, nafasi ya Pwani itakwenda kwa mtu wa Pwani anayedaiwa fadhila na chama, naye ataripoti kwa chama. Mtu wa Meru au Mandera aliyejibu maswali matatu ya Lunga Lunga kwa ukamilifu, na akaweka ahadi kwa maandishi, anatufaa kuliko mwenzetu asiyejua diko la Vanga liko wapi.

Na tusijidanganye kwamba Kwale haina nguvu. Wapiga kura wa uchaguzi huu ni 416: wabunge 349 na maseneta 67. Kwale ina kura sita kati ya hizo. Wabunge wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango ni wanne, mwakilishi wa wanawake ni wa tano, seneta ni wa sita. Sita ni wachache, lakini wagombea wa EALA hupita ofisi kwa ofisi wakiomba kura moja moja. Sita wanaokwenda pamoja na karatasi moja ya maswali watasikilizwa. Wakiongeza wenzao wa Taita Taveta, Kajiado, Narok na Migori, kaunti ambazo nazo zinaishi na mpaka huu huu wa Tanzania, hilo ni kundi ambalo hakuna chama kitakachothubutu kulipuuza.

Kura ni ya siri, na iwe hivyo. Hatuwaulizi sita wetu walimpigia nani. Tunawauliza walimuuliza nini aliyewaomba kura.

Kwale inao mfano wake wa nguvu ya dai lililo wazi. Wamakonde wa Makongeni, Msambweni, waliishi humu kwa miongo bila vitambulisho, wazee wao wakiwa wamekuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kwenda Nairobi. Hawakuomba waziri wa Kimakonde. Waliomba kitambulisho. Mapema mwaka uliofuata walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Pwani nao walitambuliwa mwaka 2023. Serikali hubabaisha dai la jumla, lakini dai lenye jina na tarehe huiwia vigumu kulikwepa.

Basi na madai yetu tuyataje kwa majina.

Kwanza, tisa waliopo bado wana muda. Wafike Lunga Lunga na Vanga, wakae na wafanyabiashara sokoni na wavuvi dikoni, na waseme wamefanya nini tangu 2022. Warsha katika hoteli ya Diani haihesabiki. Desemba 2024 wabunge wa kanda nzima walikuja Mombasa kwa michezo yao ya kila mwaka. Kutoka Likoni hadi mpakani ni safari ya asubuhi moja, na barabara ni ya lami.

Pili, wabunge wetu wadai kanuni ibadilishwe kabla ya 2027: kila mgombea wa EALA ahojiwe hadharani na kamati ya pamoja ya Bunge la Taifa na Seneti, kwa Kiswahili au Kiingereza, apendavyo, na mahojiano yarushwe moja kwa moja. Kama mtu anayependekezwa kuwa waziri au balozi hupigwa msasa, anayekwenda kututungia sheria zilizo juu ya zetu anaepukaje?

Tatu, vyama vichapishe majina ya wagombea wao wiki nne kabla ya kura, pamoja na maelezo ya kila mmoja juu ya mambo anayokwenda kuyafanya. Jina linaloibuka usiku wa kuamkia uchaguzi lisipigiwe kura na mwakilishi yeyote wa Kwale.

Nne, Bunge la Kaunti ya Kwale liwaalike wajumbe wa EALA mara moja kila mwaka watoe taarifa. Hakuna sheria inayokataza. Atakayekataa mwaliko, atajwe.

Wazee wa Vanga wanaikumbuka miaka ya 1977 hadi 1983, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Ndugu walikaa miaka sita bila kuonana kihalali, na biashara ya halali ikafa. Jumuiya ile haikuvunjwa na watu wa mpakani. Ilivunjwa na wakubwa waliogombana mbali na hapa, na wa mpakani wakalipa. Leo dalili za ugomvi hazijaisha. Mwaka 2017 Tanzania ilichoma vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale Namanga. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu. Julai 2025 Tanzania ikawazuia wageni kufanya biashara ndogo ndogo kadhaa, kuanzia saluni hadi uwakala wa pesa kwa simu. Kila mara viongozi walikimbilia simu za marais. Bunge la kanda, ambalo limeundwa kwa mambo kama hayo hasa, halikuwa mahali pa kwanza ambapo mtu yeyote alifikiria kwenda.

Litakuwa mahali hapo siku tutakapopeleka watu waliochaguliwa kwa sababu ya kazi hiyo. Waheshimiwa sita wa Kwale, kura mnazo. Mkifuatwa na mgombea wa EALA mwaka 2027, muulizeni kwanza habari za machungwa ya Muheza, za hati ya kuvukia na za maili 12 za Vanga. Asiye na jibu, msimpe kura, hata kama jina lake ni kubwa na chama chenu kimemtuma.